*TAARIFA YA TAWI: KABLA HUJALIPA ADA YA CHUO*

_Maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa tawi. Tunayatuma kwa ambao hawakufika._



Matokeo yakitoka, mawakala wa vyuo huingia mitaani kwetu. Wapo wa kweli. Wapo pia wanaokusanya ada za kozi zisizo na ithibati, na mzazi anajua mtoto akishamaliza.

Tuelewane. Vyuo vikuu viko chini ya TCU, kwa Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura 346. Cheti na diploma ziko chini ya NACTVET. Usajili wa chuo ni jambo moja, ithibati ya kozi ni jingine. Chuo kinaweza kusajiliwa na bado kikafundisha kozi isiyotambuliwa. Mwenye diploma akiomba shahada anatakiwa kuwa na namba ya uhakiki, AVN, kutoka NACTVET. Akiikosa, miaka na ada vimepotea.

Hata chuo kikuu hufungiwa. Mwaka 2016 TCU ilifuta kibali cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph kampasi ya Songea, wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Hatupingi mamlaka kufunga chuo kisichokidhi vigezo. Tunachotaka ni gharama isimwangukie mwanafunzi aliyelipa kwa nia njema. Huo ndio msimamo tunaoupeleka kata: chuo kikifungiwa, mmiliki arudishe ada ya masomo ambayo hayakutolewa na agharamie uhamisho.

Wakati tunasubiri, tufanye haya:

1. Tafuta jina la chuo *na* jina la kozi kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huu, tovuti ya TCU au NACTVET. Wa mwaka jana hautoshi.
2. Lipa kwenye akaunti ya chuo, si kwenye simu ya wakala. Tunza risiti zote. Bila risiti hakuna madai.
3. Ukiwa na shaka, njoo na barua ya udahili ofisi ya tawi Jumamosi, saa 3 hadi saa 6 mchana. Vijana wetu watakusaidia kuhakiki. Ni bure, hata kwa asiye mwanachama.

Jambo la mwisho. Tumeulizwa kama tutanyamaza mwenye chuo akiwa mwenzetu. Hapana. Kadi ya chama si ithibati. Malalamiko yakija na ushahidi, tutamsindikiza mzazi hadi kwa mamlaka husika.



*Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati*