Bei ya Kuhama: Mpangaji wa Miaka Mingi na Kodi Inayopanda Ghafla



Nianze na hesabu, maana katika jambo hili hasira huwahi na hesabu huchelewa. Tuchukue mpangaji wa chumba na sebule Manzese, Dar es Salaam. Analipa shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa mkupuo wa miezi sita. Kodi inakaribia kuisha, mama mwenye nyumba anamwita barazani: safari hii ni 150,000. Aliyekuwa amedunduliza 600,000 sasa anatakiwa awe na 900,000 mkononi. Hataki? Ahame.

Haya, ahame. Hata akipata chumba cha 100,000 ileile mtaa mwingine, atatoa 600,000 ya miezi sita, kodi ya mwezi mmoja ya dalali, hela ya kuzungushwa kuonyeshwa vyumba, na kirikuu ya kubeba kitanda na kabati. Mtoto atafutiwe uhamisho wa shule, au apande daladala mbili kila alfajiri. Na kama mama wa mtoto huyo anauza chapati barazani, wateja wake hawapakiwi kwenye kirikuu. Anaanza upya kwa watu wasiomjua, wasiomkopesha wala kumkopa.

Mwenye nyumba anaijua hesabu hii vizuri kuliko mchumi yeyote aliyeketi humu. Ndiyo maana nasema, na ndiyo hoja yangu ya leo: kodi inayopandishwa ghafla kwa mpangaji wa siku nyingi ni bei ya ugumu wake wa kuondoka. Mgeni anayetafuta chumba akitajiwa 150,000 atasema asante, ataenda nyumba ya pili. Aliyekaa miaka kumi na mbili hana mguu mwepesi hivyo. Uaminifu wake, ambao ungetakiwa umpunguzie, ndio unaomponza.

Mtaniambia: hilo si soko huru? Soko lipo, sikatai. Lakini tulikwisha kuona siku nyingi kwamba nyumba ina mambo yake. Mwaka 1915, jiji la Glasgow lilifurika wafanyakazi wa viwanda vya silaha, wenye nyumba wakapandisha kodi, na kina mama wa mtaa wake wa Govan, Mary Barbour akiwa mstari wa mbele, wakagoma kulipa nyongeza. Kabla mwaka haujaisha, Bunge la Uingereza lilirudisha kodi kwenye kiwango cha Agosti 1914. Fikra hiyo ilifika hadi kwetu. Tanganyika huru ilitunga Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba mwaka 1962, na ile ya 1984 ikaweka mabaraza ya nyumba ya kusikiliza mashauri ya wapangaji na wenye nyumba. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa. Leo Tanzania Bara haina sheria inayoweka kikomo cha nyongeza ya kodi kwa mpangaji wa kawaida. Kuna mkataba, na kwa wengi wetu mkataba ni maneno.

Sitaki mdhani naililia sheria ya 1984. Wazee wanakumbuka kilemba: kodi halali ilikuwa ndogo karatasini, nyumba hupati mpaka utoe fungu la pembeni. Udhibiti ukiachwa ugande, huoza. Kenya wanayo Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inayolinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Nionyesheni familia Nairobi inayopanga vyumba viwili kwa pesa hiyo. Sheria ipo, nyumba zimeihama.

Tena mwenye nyumba wa Dar es Salaam mara nyingi si tajiri. Ni mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo, au mjane anayeishi chumba cha mbele na kupangisha vya uani. Saruji imepanda, mabati yamepanda. Akiongeza kidogo kila baada ya muda, hana kosa. Nina ugomvi na nyongeza ya kuruka.

Angalieni inavyokuja. Mara nyingi mzee mwenye nyumba amefariki, warithi wametawanyika, mmoja anataka kuuza. Mpangaji hafukuzwi. Anapandishiwa. Kiasi kinachotajwa hakikusudiwi kulipwa. Ni notisi iliyovaa kanzu ya kodi. Au mpangaji mwenyewe amefunga nyavu madirishani, amepiga rangi, ametandika vigae kwa pesa yake, na mwaka unaofuata anaambiwa: kodi imepanda kwa sababu nyumba sasa ina vigae. Hili nimelisikia mara nyingi mno hata siwezi kuliona kama kichekesho, ingawa wanaolisimulia huwa wanacheka.

Na kuna vidogo visivyohesabiwa. Kodi ya jengo ni deni la mwenye nyumba, lakini tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ni mpangaji. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wangapi wamerudishiwa?

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko mnavyotarajia kwa msomi mwenye joho. Mosi, notisi ya nyongeza isiwe fupi kuliko kipindi cha malipo: ukichukua miezi sita kwa mkupuo, nipe miezi sita ya kujiandaa. Hii peke yake ingeondoa nusu ya machozi, kwa kuwa kinachomuumiza mpangaji ni kushtukizwa akiwa na 600,000 mfukoni. Pili, aliyeboresha nyumba kwa makubaliano akatwe gharama yake kwenye kodi kabla ya nyongeza yoyote. Tatu, malipo ya mwezi kwa mwezi yawe haki kwa aliyelipa bila kuchelewa kwa miaka miwili. Mkupuo ulikuwa dhamana dhidi ya mtu usiyemjua. Huyu unamjua, pengine mmeshazikiana.

Wenye nyumba waliopo hapa watauliza: na mpangaji msumbufu je, asiyelipa na haondoki? Swali la haki. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo kwa wote wawili, na kesi zikichukua muda mrefu anaumia pia mjane wa chumba cha mbele. Kwa hiyo kuliongezea baraza watu na vikao si hisani kwa wapangaji.

Kwa sasa, kabla sheria haijabadilika: kodi uliyokwisha kulipa haiwezi kupandishwa katikati ya kipindi chake, isipokuwa mkataba uwe umeruhusu. Lakini mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba utaulizwa ushahidi. Dai risiti. Asiyetoa risiti, mlipe kwa simu, ujumbe wa malipo uutunze. Vigae ukivitandika, andikeni karatasi ya mstari mmoja, mjumbe wa shina aweke sahihi, kila mmoja abaki na nakala yake.