ARUBAINI NI KUMPUMZISHA MZAZI, SI KUMFUNGIA

(Mazungumzo ya muuguzi mkunga mbele ya wanakijiji, Mkoa wa Kaskazini Unguja)



Nashukuru kwamba leo wanaume nao wamekuja. Wengi hudhani uzazi ni jambo la wanawake tu. Lakini mzazi akitokwa na damu usiku, nani hutafuta gari? Nani hufungua dau kutoka Tumbatu kwenda Mkokotoni? Si nyinyi? Basi tusikilizane sote.

Kwetu Unguja mwanamke akishajifungua huitwa mzazi. Hukaa ndani siku arubaini. Bibi au shangazi humkanda kwa maji ya moto, humfunga mkaja, humpikia uji wa pilipili manga na supu ya pweza. Mila hii ina wema mkubwa. Mzazi hupumzika. Hachoti maji wala hatafuti kuni. Hayuko peke yake. Sisi wauguzi hatukuja kuivunja.

Lakini kuna kosa hutokea ndani ya mila hii njema. Mzazi huugua, na watu wa nyumbani husema, "Arubaini yake haijatimia, hawezi kutoka." Hapo ndipo tunapopoteza watu.

Siku za hatari ni zile za mwanzo. Damu nyingi baada ya kujifungua inaua wazazi wengi sana duniani, na mara nyingi hutoka katika saa 24 za kwanza. Mwaka 2022 walifariki duniani watoto wachanga milioni 2.3 kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Katika kila watoto wanne wanaofariki hivyo, watatu hivi hufariki wiki ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi na mtoto waangaliwe mara 4. Kwanza, katika saa 24 za mwanzo. Pili, siku ya pili au ya tatu. Tatu, katika wiki ya pili. Nne, wiki ya sita. Haya, hesabuni wenyewe. Mara tatu zimo ndani ya arubaini. Ile ya nne huangukia wiki ile ile arubaini inapotimia. Anayengoja atoke arubaini ndipo aende kituoni amekwisha kukosa mara tatu zote.

Mwaka 2019 Wizara ya Afya Zanzibar ilianza mpango unaoitwa Jamii ni Afya. Watu wa kujitolea kutoka katika shehia zetu hupita nyumba kwa nyumba na simu yenye maswali na mafunzo. Humtembelea mja mzito, mzazi na mtoto mdogo. Akibisha hodi, mkaribisheni.

Sasa mtoto. Anyonye katika saa ya kwanza. Yale maziwa ya mwanzo ya manjano yasimwagwe, ndiyo kinga yake ya kwanza. Mpaka miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Asipewe maji, wala maji ya sukari, wala asali. Awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto. Asikogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kitovu kiwe kisafi na kikavu. Msitie majivu, wala mafuta, wala wanja.

Shikeni na dalili za hatari. Kwa mzazi: damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, kifafa, au uchafu wenye harufu mbaya. Kwa mtoto: kukataa kunyonya, kupumua mbio, mwili kuwa wa moto au wa baridi, degedege, rangi ya manjano, au kitovu chekundu chenye usaha.

Ukiona dalili moja tu, usingoje asubuhi. Watu wa kaskazini wana spitali ya Kivunge, watu wa kusini wana Makunduchi. Ikizidi, mgonjwa hupelekwa Mnazi Mmoja mjini. Wala asingojwe mume aliyekwenda dago. Mume akiondoka, aache nyumbani ruhusa na nauli. Damu haimngoji mtu arudi kutoka baharini.

Nanyi mliojifunza kusoma, kisomo chenu kina kazi. Chukueni kadi ya kliniki ya mkamwana au ya dada. Someni tarehe ya kurudi, mumkumbushe. Asiyejua kusoma, msomeeni.

Basi usiku wa leo, kila nyumba yenye mja mzito iulizane maneno matatu: Nani atakaa na mzazi? Tutachukua gari au dau la nani? Nauli iko wapi? Majibu yapatikane kabla ya uchungu kuanza.