Jino nalo ni ugonjwa



Hapa Mulungwishi jino likiuma, tunasukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ni vizuri, inasafisha kinywa. Mafuta ya karafuu nayo yanatuliza maumivu. Hata baganga ba meno banayachanganya katika dawa ya kuziba jino kwa muda. Lakini kidonge musiweke juu ya fizi, kinaichoma.

Sasa musikie: chumvi na karafuu haviwezi kuziba kitundu. Maumivu yanalala, jino linaendelea kuoza. Shavu likivimba, mwili ukiwa moto, ao kumeza kukiwa nguvu, musingoje asubui. Usaha wa jino unaweza kuua mutu.

Mwenye amerudi mikono mitupu anavumilia, kwa sababu kwetu jino haihesabiwe kama ugonjwa. Kwa hiyo naomba mufuko wetu wa kusaidiana ulipe safari ya Likasi na munganga wa meno, mapema. Nanyi munaotuunga mukono: kuziba kitundu kidogo ni bei ndogo kuliko kulaza mutu hospitali.

Chumvi ibaki nyumbani, lakini njia ya kwenda kwa munganga ifunguliwe.