Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Kutafuta Hitilafu za Umeme katika Gari la Kifahari la Kisasa

Matini ya mada iliyowasilishwa kwa wakazi, madereva na mafundi wa kata



Gari kubwa la kifahari, la aina ya Range Rover au Land Cruiser ya miaka ya karibuni, huingia gereji likiwa limewasha taa nne za onyo kwa pamoja: ya injini, ya breki, ya usukani na ya mifuko ya hewa. Mashine ya kusoma hitilafu huunganishwa, orodha ndefu ya namba za makosa hutokea, na ushauri wa kwanza huwa kwamba kompyuta ya gari imekufa. Mwenye gari, ambaye pengine alilinunua likiwa limetumika na sasa hulikodisha ili apate riziki, hutoa akiba yake yote. Kompyuta nyingine hufungwa, na baada ya siku mbili taa zile zile huwaka tena. Kumbe kosa lilikuwa katika betri iliyochoka, au katika waya wa ethi uliolika kwa kutu.

Jambo la kukumbuka ni hili: namba ya kosa ni malalamiko, si hukumu. Hueleza ni kifaa gani kimelalamika. Haielezi ni nani mkosaji.

Sababu yake iko katika namna magari haya yalivyoundwa. Gari la zamani lilikuwa na kifaa na waya wake. Gari la kisasa lina kompyuta nyingi: ya injini, ya gia, ya breki, ya milango na nyinginezo. Kompyuta hizo huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, katika mtandao uitwao CAN, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Umeme ukipungua, kompyuta kadhaa hulalamika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, taa nyingi zinapowaka pamoja, ni busara kutafuta chanzo kimoja kinachovigusa vifaa vyote kabla ya kudhani kwamba vifaa vinne vimeharibika siku moja.

Hatua ya kwanza ni maelezo. Mficha maradhi, kifo humfichua. Dereva amweleze fundi tatizo lilianza lini, kama gari lilipita kwenye maji, kama betri ilibadilishwa, na kama redio, king'ora au kifaa cha kufuatilia gari kiliongezwa.

Hatua ya pili ni betri. Baada ya gari kupumzika kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa husoma takribani volti 12.6. Ikisoma 12.4, imebakiwa na takribani robo tatu ya chaji, ikisoma 12.0 au chini yake, imekaribia kwisha. Wakati wa kuwasha injini, isishuke chini ya volti 9.6. Injini ikiwa inaunguruma, kipimo kwa kawaida huwa kati ya 13.5 na 14.8, ingawa baadhi ya magari mapya hupunguza chaji kwa makusudi. Ndiyo maana kitabu cha gari husika hakina budi kuangaliwa.

Hatua ya tatu ni ethi. Ncha moja ya mita iwekwe kwenye kichwa hasi cha betri na ya pili kwenye chuma cha injini, kisha injini iwashwe. Kipimo kikizidi volti 0.5, umeme unazuiwa njiani. Mara nyingi tiba yake ni kusafisha kutu na kukaza nati.

Hatua ya nne ni kusoma kompyuta zote. Mashine ya bei nafuu huweza kusoma injini peke yake. Namba zote ziandikwe kabla ya kufutwa, kwa kuwa kuzifuta ni kupoteza ushahidi. Namba zinazoanza na herufi U zinahusu mawasiliano. Zikiwa nyingi, betri ifunguliwe, kisha ukinzani upimwe kati ya tundu la 6 na la 14 kwenye soketi ya matundu 16 iliyo chini ya dashibodi. Kwa magari mengi kipimo sahihi ni omu 60. Omu 120 huashiria kwamba njia imekatika upande mmoja. Kipimo kilicho karibu na sifuri huashiria nyaya zilizogusana.

Ikiwa betri hulala nzima na kuamka tupu, upo umeme unaovuja. Gari lifungwe na kuachwa hadi kompyuta zilale, jambo linaloweza kuchukua hata saa nzima. Baada ya hapo, mkondo unaotumika kwa kawaida hauzidi takribani miliampia 50. Ukizidi sana, vifaa vilivyoongezwa baada ya gari kununuliwa ndivyo vichunguzwe kwanza.

Yapo pia mambo ya kuogopwa. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa yenye ampia kubwa zaidi wala kwa kipande cha waya, kwani fyuzi huungua ili gari lisiungue. Nyaya za mifuko ya hewa zisichomwe kwa taa ya kupimia. Nyaya nene za rangi ya chungwa katika magari ya haibridi hubeba umeme unaoua. Ziachiwe fundi aliyesomea kazi hiyo. Moto ukitokea, watu waondoke kwanza, kisha Zimamoto waitwe kwa namba 114.

Kwa vijana wenye nia ya kazi hii, fani ya umeme wa magari hufundishwa katika vyuo vya VETA. Kwa mwenye gari, maswali matatu yanatosha kabla ya kulipia kifaa chochote: betri ilisoma volti ngapi? Ethi ilipimwa? Namba za makosa ziliandikwa wapi? Fundi aliyepima atajibu bila kusita. Asiye na majibu hajapima bado, na fedha isitoke mfukoni mpaka apime.