Elimu ya Kusoma Mzani

Rushwa ni kosa la pande mbili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayepokea na anayetoa. Mitaani lakini haiitwi rushwa. Huitwa chai, soda, kitu kidogo, na utamu wa jina ndio unaoifanya imezeke. Ndiyo maana elimu ya kuipinga huanzia kwenye majina: kijana ajue kwamba “chai” anayodaiwa ili apewe fomu isiyouzwa ni kosa lilelile linalosomwa mahakamani kwa neno zito.

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 makao makuu yake yakiwa Bariadi, una somo la namna hiyo katika historia yake. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ni nchi ya pamba, na pamba haiuzwi bila mzani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, nchi hii ikiwa sehemu yake, walinung’unika kwamba wanunuzi wanawapunja. Mtu aliyelima, akapalilia, akachuma, alifika kituoni na mzigo wake akalipwa kile alichotajiwa, kwa kuwa namba za mzani zilikuwa za mwenye mzani. Dawa haikuwa mahubiri. Wakulima waliweka watu wao wanaojua kusoma mizani, wakasimama vituoni na kutazama. Humo ndimo ulimokulia ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, hadi kuundwa kwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa mwaka 1955.

Kisa hicho kingependeza kama kingeishia hapo. Miaka kumi hivi baadaye mzani ulikuwa mikononi mwa ushirika wenyewe, na malalamiko yakarudi: upunjaji, upendeleo, vitabu vya hesabu visivyosomeka. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuuchunguza ushirika nchini, na mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Waliojua kusoma mzani walimwachia karani wao kazi ya kuusoma peke yake. Elimu ya aina hii, basi, hairithiwi kama ng’ombe. Kila kizazi huisomea upya.

Tena mzani una pande mbili. Mkulima anayenyunyizia pamba maji au kuichanganya na mchanga ili ipande uzito, au anayesukuma pamba chafu, iitwayo fifi, ndani ya pamba safi, hana ubavu wa kumnyooshea kidole karani anayepunja. Mtoto aliyeshika kibatari wakati baba yake akifanya hayo usiku amekwisha kufundishwa maadili, na mwalimu wa asubuhi ana kazi ya kufundua kabla ya kufundisha.

Serikali ilianzisha Kikosi cha Kuzuia Rushwa mwaka 1975. Mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Kuzuia Rushwa, na sheria ya 2007 ikaiongezea jukumu la kupambana, ndiyo TAKUKURU ya leo. Taasisi hiyo hulea klabu za wapinga rushwa shuleni na vyuoni, na imeshirikiana na Skauti kuandaa mafunzo kwa vijana. Udhaifu wa klabu nyingi unajulikana: huamka anapokuja mgeni rasmi, zikatoa ngonjera na kwaya, zikalala. Ngonjera si kitu kibaya, hasa Usukumani ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimezoea kupashana ukweli kwa ngoma. Ila klabu inayofaa ni ile inayojua kusoma ubao wa matangazo: shule imepokea fedha kiasi gani, zimetumikaje, na mchango unaodaiwa uliamuliwa na kikao kipi. Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, swali hilo la mwisho limekuwa na uzito wake katika kila kaya. Watu wazima wana darasa lao pia, nalo ni mkutano mkuu wa kijiji, mahali pa kusomewa mapato na matumizi. Anayetoka nje kuvuta hewa taarifa ya fedha inapoanza amejinyima somo.

Somo la hesabu lipo hata kwenye madawati. Tanzania ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa takribani pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri katika mahakama ya Uingereza kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu biashara hiyo, na ilikubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha zilitolewa mwaka 2012, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Wananchi, kwa ulimi wao usiokosa chumvi, waliziita “chenji ya rada”. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kupiga hesabu: bei ya dawati moja ikijulikana, pauni milioni moja ni madawati mangapi?

Upande wa kura, marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu “takrima”, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa kuwa haikuwa rahisi kuitenga na hongo. Kofia, kanga na sahani ya pilau havikukoma kwa hukumu hiyo.

Rushwa ya ngono ndiyo inayofundishwa kwa kunong’ona, ingawa sheria ya 2007 inaitaja waziwazi katika kifungu cha 25. Msichana anayetishiwa alama za mtihani au ajira anapaswa kuwa amelisikia jina la kosa hilo kabla halijamfika, na mvulana vilevile, kwa kuwa naye kesho atakalia kiti cha mamlaka. Simu ya bure ya TAKUKURU ni 113, na sheria ya mwaka 2015 inawalinda watoa taarifa na mashahidi. Taarifa yenye nguvu hutaja tarehe, mahali, kiasi kilichoombwa, maneno yaliyotumika na aliyekuwapo; kuiandika hivyo ni zoezi linaloweza kufanywa darasani kwa kipindi kimoja, kalamu mkononi.