ORS Ifike Kabla Njia Haijakatika

Msikilizaji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji. Mapaa yaling'oka, ya nyumba na ya hospitali, na mito Pungwe na Buzi ikafurika mpaka mashamba yakawa kama bahari. Tarehe 27 Machi serikali ilitangaza kipindupindu. Tarehe 3 Aprili chanjo ya kunywa ikaanza kutolewa, na watu zaidi ya 800,000 wakaipata. Waliougua walikaribia 6,700, waliokufa kwa ugonjwa huo ni 8. Katika nchi jirani ya Malawi, mlipuko ulioanza Machi 2022 kusini, kulikopigwa na dhoruba Ana Januari mwaka huohuo, uliua watu zaidi ya 1,700, karibu 3 katika kila wagonjwa 100.

Ni haki kukiri kwamba Malawi ilibeba mzigo mzito zaidi: ugonjwa ulienea nchi nzima, na Oktoba 2022 chanjo ilikuwa adimu duniani hata dozi mbili zikapunguzwa kuwa moja. Basi hapo ndipo hoja yangu ilipo. Chanjo ya dharura hutegemea akiba ya wengine, ambayo siku moja huisha. Tiba yenyewe haihitaji kusubiri ndege. Kipindupindu huua kwa kumkausha mgonjwa maji, pengine kwa saa chache tu, na ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa, ni miongoni mwa dawa rahisi kabisa. Kinachoamua ni kama pakiti ziko zahanati ya jirani kabla daraja halijachukuliwa na maji.

Wapo wanaouliza: nchi isiyo na wauguzi wa kutosha leo itawezaje kugharamia maandalizi ya mafuriko ya kesho? Swali hilo linadhani mifuko ni miwili. Kisima kilichoinuliwa, choo kisichofurika na paa lililofungwa barabara humhudumia pia mama anayejifungua siku ya jua kali. Wengine husema waliochafua hewa hata tabianchi ikabadilika ndio walipe. Wadaiwe, tena bila aibu. Lakini masika hayangoji deni lilipwe. Utabiri wa msimu hutolewa kabla mvua hazijaanza. Mganga mkuu wa wilaya akiuweka mezani pamoja na oda yake ya dawa, ORS na dripu zitafika vijiji vya bondeni barabara ikiwa bado kavu.