Kuvuka Korongo kwa Motokaa

Jioni hii twapenda kunena nanyi habari za motokaa zile ambazo magurudumu yake yote manne huvuta. Watu wengi hudhani kwamba aliye na motokaa ya namna hii aweza kupita po pote. Nasi tulidhani hivyo, mpaka siku moja ya masika tulipofundishwa.

Tulikuwa safarini kutoka Mto wa Mbu kuelekea upande wa Ziwa Natron, kuwakagua wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Njiani tulifika penye korongo. Wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Siku ile lilijaa maji mekundu, ingawa pale tulipokuwa haikunyesha hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha milimani.

Dereva alisimamisha motokaa, akazima injini. Tukamwambia, "Kijana, twachelewa. Tia gia ya nguvu, tupite." Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, nguvu ninazo, lakini chini sipaoni." Tukanung'unika.

Kumbe alisema kweli. Nguvu ya magurudumu manne ni katika kushika ardhi. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 30, yaweza kuziinua motokaa nyingi ndogo. Yakifika sentimita 60 yaweza kuzichukua hata nyingi zilizo kubwa. Motokaa ikiisha kuelea, magurudumu manne hayana faida kuliko mawili, kwa kuwa hakuna yanachokishika.

Tuliketi chini ya mgunga. Haikupita nusu saa, gogo kubwa likateremka na maji, likapita pale pale tulipotaka kuvuka. Hapo manung'uniko yetu yakaisha.

Baada ya muda wa saa tatu hivi maji yalipungua, yakawa ya kufika nusu ya muundi, yakienda polepole. Dereva akavua viatu, akaingia na fimbo, akipima kila hatua. Karibu na ukingo wa pili, katika njia ya magurudumu ya waliotangulia, fimbo ikazama: palikuwa na shimo. Akachagua mahali pengine, akasimika vijiti vya kumwongoza. Kisha akatia gia ya nguvu kabla ya kugusa maji, akaenda kwa mwendo mmoja wa taratibu, asibadili gia wala kusimama katikati. Tulipotoka ng'ambo, akakanyaga breki mara kadhaa huku akienda polepole, zipate kukauka, kwa maana breki zilizolowa hazishiki vema.

Wanafunzi wetu hatukuwakuta siku ile, kwani shule ilikwisha kufungwa; tuliwakagua kesho yake, wala hapana kilichoharibika.

Wasikilizaji, maneno haya si ya madereva peke yao. Aliyetaka kuvuka kwa haraka hakuwa mshika usukani. Tulikuwa sisi, tulioketi nyuma pamoja na cheo chetu. Basi mkiona maji yaenda kasi, msiingie kwa motokaa wala kwa miguu. Ngojeni, au rudini. Na dereva akisema, "Tungoje," msimharakishe. Wazee walisema, Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Dereva wetu aliyangoja, kisha akayafika kwa fimbo, ndipo akatuvusha.

Kwaherini.